Sofa Iliyomfanya Mama Tajiri

Mimi ni fundi wa viti. Kibanda changu kiko kando ya barabara hapa Dandora, na upepo ukigeuka, harufu ya jalala inaingia kwenye sponji kabla mteja hajalipa. Shule niliiachia darasa la sita. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, polepole, kwa sababu nimechoka kuyasikia yakielezwa na watu waliokuja kwetu mara moja, wakanywa chai, wakaenda zao.

Redioni husema kwamba pesa ya wazee ilitokana na utafiti. Kwamba zamani kuna wasomi walizunguka mitaa ya Eastlands, wakaingia nyumba za maskini, wakauliza, wakaandika, serikali ikasoma ikaamka. Ni kweli, sikatai. Kabla yao mzee alikuwa mzigo wa watoto wake, na kama watoto hawana kitu, basi mzigo wa Mungu. Hakuna mkubwa aliyewahi kufikiria kumtumia bibi kizee pesa kwa sababu tu ni bibi kizee na amechoka. Hiyo sifa wapewe. Lakini utafiti huo ulipita mlangoni kwetu, na ulipotoka mama yangu alikuwa tajiri. Akakaa tajiri hivyo hivyo mpaka tukamzika.

Nimeambiwa nisitaje majina. Sawa. Nitataja milango. Watu wa ploti yetu wataelewa, na hao ndio nataka waelewe.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba vya pande mbili, katikati bomba la maji na kamba za nguo. Chumba cha mwisho, kilichopakana na choo, ndicho chetu. Baba alikuwa wa reli, akafutwa kazi, akafa kabla hasira haijamtoka. Mama akabaki soko la Muthurwa, anachambua vitunguu vya wenyewe: anatupa vilivyooza, anapanga vizuri, na ujira wake nusu ni pesa na nusu ni vile vilivyoanza kulainika. Mpaka leo nikinusa kitunguu kinachokaribia kuharibika naona mikono yake. Mimi nilikuwa kijana mkubwa tayari, nabeba magunia hapo hapo sokoni. Siku nyingine napata, siku nyingine narudi na jasho. Ndani kwetu mlikuwa na kitanda cha mama, pazia, godoro langu nyuma ya pazia, stovu, sufuria, na stuli mbili ambazo moja ilitaka ujue kuikalia.

Mlango wa kwanza, karibu na lango, alikaa mzee wa mtaa. Huyo ndiye wa kwanza ninayemtaja. Alikuwa macho ya chifu na masikio ya chifu, na kofia yake ya kijani hakuivua hata kanisani. Ploti ya pili, ile ya ghorofa, alikaa dada yake. Huyo ni wa pili. Dada yake alikuwa na wana wawili madereva wa magari makubwa, na ndani mwake mlikuwa na sofa seti nyekundu ya velveti, televisheni, redio ya spika mbili, na kabati la vioo ambalo tulikuwa tukiliona kutoka nje mlango ukifunguliwa.

Sasa, kuna desturi lazima niieleze, maana bila hiyo utatuona wajinga. Kwetu mgeni hakuti nyumba tupu. Mama alikuwa wa magharibi mwa nchi, na kwao mgeni hula kuku mzima na wewe unyonye shingo ukisifu ilivyonona. Lakini haikuwa yetu peke yetu. Waliotoka Ukambani walikuwa nayo, waliozaliwa hapa hapa walikuwa nayo. Kulikuwa na flaski moja ya chai, nyekundu, ya maua, ambayo ilizunguka milango ya ploti mpaka hakuna aliyekumbuka nani aliinunua. Mchungaji akija, wakwe wakija, flaski inahama, vikombe vinahama, vitambaa vyeupe vya kufuma vinahama. Mgeni akisema, "Flaski nzuri hii," mwenye nyumba hujibu, "Tunashukuru Mungu." Hawezi kusema nimeazima. Ukisema umeazima umemtusi jirani aliyekusitiri. Mgeni akiwa ndani, kila kilichomo ni cha nyumba hiyo. Mgeni akitoka, vitu hurudi.

Wasomi hawakuijua desturi hiyo. Mzee wa mtaa aliijua.

Na alikuwa na kisa na mama. Mvua kubwa ilikuwa imeingia vyumbani mwetu, blanketi za msaada zikaletwa kwa chifu, akapewa mzee wa mtaa azigawe. Hatukuziona. Mama akasimama barazani, mtu mfupi hivi na kilemba chake cha kanisa, akamwuliza mbele ya watu wote, "Mzee, zile blanketi zetu zilisikia baridi zikakimbilia kwako?" Watu walicheka. Chifu mwenyewe alicheka. Mzee wa mtaa naye akacheka, kwa meno. Nikamwambia mama tukienda nyumbani, "Mathe, huyu hatasahau." Akasema, "Asahau nini? Si nilikuwa nauliza tu."

Hakusahau. Watu wa utafiti walipokuja mtaani, walimchukua yeye awe wa kuwaongoza. Wakampeleka semina, akapewa soda na chakula, akaelezwa kila kitu: kwamba wanatafuta kujua maskini ni nani hasa, ili siku moja serikali ijue pa kuanzia, na kwamba wataangalia vitu vilivyo ndani ya nyumba. Hayo tulikuja kuyajua baadaye sana. Kwetu alisema mengine.

Alikuja asubuhi, amevaa koti.

"Mama, kuna wageni wakubwa leo. Wanatoka huko juu. Nimechagua waingie kwako."

"Kwangu? Mzee, kwangu kuna nini cha kuona?"

"Ndiyo maana nimekuja. Usituaibishe. Wakikuta nyumba hivi watasema mtaa wangu hauna watu. Nimezungumza na dada yangu, amekubali kukuazima viti vyake. Vyote. Mpaka televisheni."

Mama alishika mdomo. "Viti vya velveti?"

"Vya velveti. Yale ya barazani yalipita, mama. Sisi ni majirani."

Mama alimshukuru. Alimwombea pale pale mlangoni, akamtajia Mungu wanawe na wajukuu ambao hakuwa nao. Na nani alibeba ile sofa? Mimi. Mgongo huu. Wana wa dada yake walishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaipitisha langoni, tukaiinua juu ya kamba za nguo, tukainamisha kitanda cha mama ukutani ndipo ikaingia. Televisheni tukaiweka juu ya stuli nzima. Redio chini. Haikuwa hata na waya wa kutosha kufika kwenye stima, na stima yenyewe ilikuwa imekatwa. Mama akatandika vitambaa, flaski ikaletwa, majirani wakachungulia wakapiga makofi. Mama alikaa ukingoni mwa sofa kama mtu anayengoja daktari. Akapitisha kiganja kwenye velveti, mbele, nyuma, akaona inavyobadilika rangi.

Akaja wa tatu. Alikuwa msichana wa rika langu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, kwa hivyo alikuwa ametembea, hilo simnyimi. Aliongea kwa adabu. Alikunywa chai. Mzee wa mtaa akasimama mlangoni, kofia yake ikiziba mwanga.

"Mama, hii sofa ni yenu?"

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama mara moja. Nilikuwa mwanamume mwenye ndevu, lakini nilifunga.

"Tunashukuru Mungu," mama akasema.

"Na televisheni?"

"Tunashukuru."

"Mnakula mara ngapi kwa siku, mama?"

"Tunakula."

Angesemaje? Unamwambia mgeni kuwa unalala njaa, naye ameshika kikombe chako? Ni kama kumwambia atapike. Msichana akaandika. Mzee wa mtaa akachomekea kutoka mlangoni, "Huyu mama wetu hana shida. Ana kijana, unamwona alivyo na mabega." Msichana akanitazama mabega, akaandika.

Kutoka kwetu walienda moja kwa moja ploti ya ghorofa. Jirani yetu aliyekuwa akifua nguo kule alituambia alichokiona: dada ya mzee ameketi juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, leso imetoboka, sakafu tupu mpaka mwangwi unasikika. Msichana wa utafiti alimshika mkono akampa pole.

Jua halijatua, wana wa dada yake wakaja kuchukua vitu. Mama alikuwa amevipangusa vyote. Dada ya mzee alikuja nyuma yao, amebadilisha leso, ananukia mafuta.

"Mama, umeketi vizuri? Usizoee!"

Wanawe wakaangua kicheko. "Leo mathe alikuwa mdosi," mmoja akasema, akanipiga bega. "Budaa, shika huko chini, usikwaruze miguu ya kiti."

Nikaibeba tena. Ndiyo, mara ya pili. Tulipofika kwao nikaona lile kabati la vioo wakilitoa chooni walikolificha, nikaelewa kwa mpigo, hata kabla sijajua sababu. Viti havikuja kwetu kutusitiri. Vilikuja kujificha, na mama akawa bohari yao.

Nilimwambia. Hakukubali. "Huo ni wivu, mwanangu. Mtu akikusitiri, usiseme amekuvua."

Miaka ilienda. Siku moja yule msichana wa kalamu mbili nikamwona kwenye televisheni ya kinyozi, sasa ni mama mkubwa mwenye koti la ofisi. Alikuwa akieleza walivyogundua kule mitaani kwamba ukimwuliza mtu pesa anazopata atakudanganya, lakini vitu vya nyumbani havidanganyi, na kwamba serikali imekubali kipimo hicho. Ukuta, sakafu, kiti, televisheni. Kinyozi akasema, "Hawa watu wamesoma, bwana." Nilitoka nikiwa nimenyolewa upande mmoja.

Halafu pesa zikaja kweli. Chifu akaita baraza, wazee wote wakaja, wengine wamebebwa. Mama alivaa kilemba chake. Magoti yalikuwa yameshaisha, kwenda Muthurwa kulikuwa kama kwenda Kisumu kwa miguu. Pesa hiyo ndiyo ingemwachisha vitunguu. Alikuwa ameshapanga: dawa ya presha kwanza, kisha unga, kisha kilemba kipya. Majina yakasomwa. Dada ya mzee alipoitwa akaruka, "Bwana asifiwe!" na watu wakamwitikia. La mama halikusomwa. Alikaa kwenye benchi hadi watu wakaisha na askari akaanza kukunja viti.

"Labda wameruka," akaniambia. "Ni watu wengi."

Nilimpeleka ofisini. Wa nne ni karani wa pale, yule aliyekuwa na kawaida ya kutafuna njugu. Akamtazama mama, akatazama kompyuta.

"Mama, wewe uko sawa. Uko na sofa, uko na TV. Sasa unataka serikali ikununulie nini, friji?"

"Zilikuwa za kuazima, baba."

"Nani huazima televisheni?"

"Ilikuwa heshima ya mgeni."

Akacheka njugu zikamtoka. Akasema utafiti ukishafanywa umefanywa, mtu hawezi kuingia humo aufute kwa kucha. Tungoje utafiti mwingine.

Tukamwendea mzee wa mtaa aseme ukweli. Alikuwa anakula. Hakuacha kula.

"Mimi niliwapa heshima," alisema. "Sasa mnataka nimwambie chifu kwamba mama yako alidanganya serikali? Mnajua hiyo ni kesi? Huyu mama mnataka alale ndani?" Kisha akamgeukia mama, akatabasamu akiwa na ugali mdomoni. "Au blanketi ya huko jela haina baridi?"

Hapo mama alielewa. Nilimwona akielewa. Alirudi chumbani, akakaa kwenye stuli mbovu, ile nzima akaniachia mimi.

Akarudi Muthurwa na fimbo. Wakampa kreti la kukalia. Siku za pesa ya wazee, dada ya mzee alipita langoni kwetu na mfuko wa unga ameupakata kifuani kama mtoto mchanga, na njia ya kwake haikupita langoni kwetu. Mama alimsalimu kila mara. Dawa ya presha alikuwa akiimeza siku moja, siku inayofuata anapumzika nayo, ili ifike mbali. Haikufika mbali. Alianguka sokoni, katikati ya vitunguu vya watu.

Matangani walileta viti vya kuazima na ile flaski. Na nani alisimama kusema kwa niaba ya majirani? Alivua kofia, mara ya kwanza namwona kichwa. Akasema, "Mama huyu hakuwa mtu wa kuombaomba." Watu wakasema amina. Mimi nilimtazama mdomo. Nikasema moyoni, mdomo huo siku moja utasema jambo lingine.

Ndipo nikaingia ufundi. Nilianza kwa kukata sponji za mtu, nikajifunza mbao, nikajifunza kitambaa. Seti ya kwanza iliyonyooka vizuri niliivika velveti nyekundu. Sikuiuza. Mke wangu alidhani naingoja bei ipande. Wateja walikuja na pesa mkononi, nikawaambia, "Hiyo ina mwenyewe."

Dunia ikafanya kazi yake. Dada ya mzee akafa. Wanawe wakauza kila kitu, wakahamia mtaa wa Tena, na simu ya mjomba hawashiki. Chifu mpya akaja na macho yake mwenyewe, mzee wetu akavuliwa cheo. Alipokuwa na nguvu hakujiandikisha kwenye pesa ya wazee, aliona ni aibu mtu wa ofisi kuhesabiwa pamoja na maskini. Sasa akabaki na chumba cha mlango wa kwanza, godoro, na kiti kimoja cha plastiki ambacho mguu wake umefungwa kwa waya. Mimi nilikuwa naendelea kukaa ploti ile ile. Nikipita mlango wake nilipunguza mwendo, nimwone vizuri. Mke wangu akaniambia hiyo ni dhambi. Nikamwambia ni mwendo tu.

Mwaka huu wakatangaza utafiti mwingine. Kwamba kipimo cha zamani kilikuwa na makosa, kwamba watu wanakuja tena nyumba kwa nyumba. Mzee alifurahi mpaka akanyoa. Alifagia chumba, akakiacha kitupu kilivyo. "Waje waone," alikuwa akiwaambia wanawake bombani. "Safari hii waone."

Asubuhi ya siku hiyo nilipakia ile seti kwenye mkokoteni, na televisheni ya kibandani juu yake, nikaja na vijana wangu wa kazi. Alikuwa mlangoni kwake anaota jua. Aliiona velveti kabla ya kuniona mimi.

"Fundi," akasema, "unapeleka wapi?"

"Kwako, mzee."

"Sijaagiza."

"Wageni wakubwa wanakuja leo, mzee. Usituaibishe."

Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka chumba cha pili.

"Sitaki," akasema polepole.

Niligeukia wanawake wa bombani, nikapaza sauti. "Jamani, nimemletea mzee wetu viti avipokelee wageni, anakataa!"

Wengi wao ni wapangaji wapya, hawajui la zamani. Wakapiga vigelegele. "Mzee, pokea! Nani hukataa heshima? Mungu akubariki, fundi!" Mmoja akakimbia akaleta ile flaski. Mfuniko wake umepasuka sasa lakini maua bado yapo. Mwingine akaleta vitambaa. Ni nani angeweza kuwafukuza? Kile kiti chake cha plastiki nilikitoa nje mwenyewe, maana nafasi haikutosha. Tukamkalisha kwenye velveti. Mikono yake haikujua pa kwenda.

"Kijana," akaninong'oneza, "mama yako..."

"Chai itapoa, mzee."

Wakaja. Msichana tena, huyu ana simu kubwa kama sahani, na viatu vyeupe. Mimi nikasimama mlangoni, nikaegemea pale pale pa bawaba, nikaziba mwanga.

"Sasa babu, habari? Hii sofa ni yenu?"

Wanawake walikuwa nyuma yangu wanachungulia. Bomba lilikuwa limeachwa wazi, maji yanamwagika. Nikasema, kwa sauti ya kusaidia, "Huyu mzee wetu hana shida."

Alinitazama. Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Nilitaka aseme tunashukuru Mungu, ainywe aibu ile kama mama alivyoinywa, afe nayo tajiri. Hilo ndilo nililoliombea miaka yote nikipiga misumari.

Akashika mkono wa sofa, akajaribu kuinuka, akashindwa, akasema akiwa amekaa.

"Si yangu."

"Babu?"

"Si yangu. Ni ya huyu. Ameileta asubuhi hii kwa sababu mimi nilipeleka ya dada yangu kwa mama yake, siku ya watu kama nyinyi. Nilijua mtahesabu. Nilitaka mhesabu hivyo. Yule mama hakuwa na kitu. Dada yangu ndiye alikuwa nazo." Akapangusa mdomo. "Andika hivyo."

Kisha yule jirani yetu mzee, aliyekuwa akifua nguo siku ile, mmoja wa wachache waliobaki wa zamani, akapaza sauti kutoka nyuma kabisa:

"Na zile blanketi je, mzee?"

Wapya hawakujua blanketi gani, lakini walicheka kwa vile alivyolisema. Walicheka sana. Mzee aliinamisha kichwa, na safari hii hakucheka kwa meno. Kicheko kile kingemfurahisha mama. Mimi kilinifurahisha.

Yule msichana hakucheka. Aligusa simu yake kwa kidole.

"Basi sofa natoa. TV pia natoa."

"Imetoka?" nikamwuliza.

"Imetoka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ukikosea unarudi nyuma, unafuta."

Nilisimama pale. Kidole kimoja. Kucha ile ile ambayo karani wa njugu alisema haiingii. Nikamwuliza, "Na ya mama yangu?"

"Anakaa nyumba ipi?"

"Alishakufa."

Alisema pole, na nadhani alimaanisha. Akasema simu haina mahali pa kuweka waliokufa. Akamaliza chai yake, akasifu flaski, akaenda mlango wa pili.

Kwa hivyo mzee atapata pesa, nasikia. Kwa kusema ukweli mara moja, tena mbele ya sofa yangu. Wanawake wengine wananiambia nimefanya vizuri, nimemsaidia. Sikumsaidia. Mtu asidhani hivyo.

Vijana wangu walikuwa wanangoja nje na mkokoteni. Mzee alikuwa bado ameketi, kiganja chake kinapita kwenye velveti, mbele, nyuma.

"Simama, mzee."

"Miguu, kijana. Niache nipumzike kidogo tu."

"Simama. Mgeni ametoka."

Desturi aliijua kuliko mimi. Alijishika ukutani, akasimama, tukainua sofa tukaipitisha mbele yake. Kiti chake cha plastiki nilikiacha nje, pale pale nilipokiweka.